Sura ya Sita: Mluzi wa Kifua na Kinachouleta

Mwaka 1976 wafugaji waliougua kifua kikuu walianza kupiga herio zao, vibanda vyao vya kuhamahama, katika mji wa Wajir, mbele ya kituo cha kuwahudumia watu wenye ulemavu. Aliyewakaribisha alikuwa Annalena Tonelli, Mtaliano wa mji wa Forlì aliyesomea sheria, akaja Kenya mwaka 1969 na kuhamia Wajir muda mfupi baadaye. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitafuta njia ya kuwatibu watu wasiokaa mahali pamoja, na yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo. Badala ya kuwalaza wodini, aliwaacha waje na mikeka yao, sufuria zao na jamaa zao, wakae hapo kwa miezi, na kila siku wameze dawa mbele ya mtu anayewatazama. Mahali hapo pakaitwa Manyatta ya TB. Utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi, ambao baadaye ulienea duniani kote, una sehemu ya mizizi yake katika mchanga wa Wajir. Tonelli alifukuzwa nchini baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambapo vikosi vya serikali viliwaua raia Wasomali wa Wajir, kwa kuwa hakunyamaza. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka uleule aliopewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Naanza sura ya pumu na kifua kikuu kwa makusudi. Kifua kikuu kiliwazoesha wahudumu wa maabara wa kaskazini mashariki kanuni isiyojadiliwa: kikohozi peke yake si ushahidi. Mgonjwa hupewa kichupa, hukohoa kutoka chini kabisa ya kifua, kohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, hutazamwa kwa hadubini. Vijidudu vikionekana, tiba huanza. Miezi ikipita kohozi hutazamwa tena, na jibu lake ndilo linaloamua kama dawa zinafanya kazi. Siku hizi mashine zinazotambua chembe za urithi za kijidudu zimechukua nafasi kubwa ya kioo, lakini kanuni haijabadilika.

Pumu, katika miji hiyohiyo, hutibiwa kwa sikio.

Hagaa, msimu wa kiangazi wenye upepo, ikiingia kuanzia Juni, upepo wa kusini magharibi hukokota vumbi kutoka Habaswein hadi Buna, na waliobanwa na kifua huanza kujitokeza vituoni. Mazungumzo huwa mafupi.

“Eeddo, kifua kimeanza lini?”

“Tangu upepo.”

“Unatumia dawa gani?”

“Ile ya bluu. Ikiisha nachomwa sindano.”

Afisa tabibu anaweka kifaa chake mgongoni, anasikia mluzi, anaandika pumu. Mama anaondoka na pampu nyingine ya bluu, au sindano ya steroidi, au vyote viwili pamoja na antibayotiki ya kujihami. Kesho yake anapumua. Wiki chache baadaye yuko foleni tena, na hakuna aliyejua, mara ya kwanza wala ya pili, ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiendelea ndani ya mapafu yake. Mfugaji akiwasikia mbuzi wakilia zizini usiku hujua kuna jambo, ila hajui kama ni fisi, kiu au mgeni aliyepotea njia. Hana budi kuamka na tochi. Sura hii inahusu tochi hiyo: zipo za aina gani, zimemulika nini, na ipi inaweza kuwashwa Wajir leo bila kusubiri mfadhili.

Njia za hewa za mtu mwenye pumu huzibwa na mambo matatu kwa pamoja. Misuli inayozizunguka hujikaza. Kuta zake huvimba. Ute mzito hujaa katikati. Pampu ya bluu, salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969, hulegeza misuli kwa saa nne hadi sita na mgonjwa huhisi nafuu ndani ya dakika chache. Kuhusu uvimbe haifanyi chochote. Uvimbe huo, ambao madaktari wanaotumia Kiswahili huuita mchochota, hutulizwa na steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1972, ambayo hapa Kenya watu huijua kama pampu ya kahawia. Kasoro yake ni kwamba haina haraka. Unaivuta asubuhi na jioni kwa siku, kwa wiki, na hakuna dakika moja ambayo utasema “ahaa, imefanya kazi.” Ndiyo maana ya bluu hupendwa na ya kahawia husahaulika juu ya kabati. Mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kwa kifupi kama GINA ulitangaza mwaka 2019 kwamba hakuna mtu mzima wala kijana mwenye pumu anayepaswa kutibiwa kwa dawa ya bluu peke yake, kwa sababu anayeitegemea hiyo tu yumo katika hatari ya shambulio kali na hata kifo. Mtu anayemaliza pampu tatu au zaidi kwa mwaka tayari yuko mahali pabaya. Najua watu wa Wajir ambao wangecheka kusikia idadi hiyo; wao huimaliza moja kwa mwezi.

Sasa mtu anaweza kuuliza: kama mchochota ndio mzizi, kwa nini tusimpe kila mwenye mluzi steroidi na kumaliza mjadala? Swali ni zuri, na kwa wagonjwa wengi jibu ni kwamba ndivyo ifanywe hasa. Tatizo ni kwamba michochota haifanani.

Mwaka 1879 Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa akipaka damu rangi mbalimbali. Aligundua kuwa baadhi ya chembe nyeupe zina punje ambazo hunywa rangi ya eosini na kuwa nyekundu ya kung’aa. Akaziita eosinofili. Hizi ni chembe ambazo mwili huzituma dhidi ya minyoo, na ambazo katika mizio na katika pumu nyingi huvamia njia za hewa zisikokuwa na adui wa kupigana naye. Zikifika humo humwaga sumu zake na kuchubua kuta, na kohozi hujaa mabaki yake. Jambo la muhimu kwa mgonjwa ni hili: eosinofili haziwezi kustahimili steroidi. Zikiguswa na dawa hiyo hufa. Kinyume chake, kuna watu wenye mluzi uleule ambao kohozi lao limejaa nyutrofili, chembe za aina nyingine zinazofuata moshi na maambukizi, na hizo haziitii steroidi kwa kiasi hicho. Kuna pia wenye mluzi ambao kohozi lao halina ziada ya chembe za aina yoyote.

Chukua wanawake wawili wa Eldas, wa kufikirika lakini si wa ajabu. Wa kwanza ana miaka 19. Tangu utotoni hupiga chafya na kujikuna macho, na kifua chake hubana usiku. Wa pili ana miaka 50, amepika kwa kuni ndani ya herio tangu alipoweza kuinua sufuria, hajawahi kuwa na mzio wowote, na pumzi imekuwa ikipungua kidogo kidogo kwa miaka kumi. Siku ya vumbi vifua vyote viwili hulia sawasawa. Afisa tabibu mwenye masikio mazuri kuliko yote nchini hawezi kuwatofautisha kwa mluzi. Kioo chenye kohozi kinaweza.

Wa kwanza kulithibitisha hilo kwa wagonjwa wengi alikuwa Harry Morrow Brown, daktari wa Derby, Uingereza. Alifanya kazi wakati ambapo steroidi ilikuwa na jina baya: jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo mwaka 1956 lilikuwa limeonyesha kwamba kotisoni haiwasaidii sana wenye pumu sugu. Brown hakuridhika. Alikaa na hadubini palepale kliniki, akapaka makohozi ya wagonjwa kwenye kioo, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la Lancet alichokiona. Waliokuwa na eosinofili kwenye kohozi walipona kwa prednisoloni. Wasiokuwa nazo hawakupata kitu. Lile jaribio la awali lilikuwa limechanganya kondoo na mbuzi halafu likatoa wastani. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kabla ya ulimwengu wa pumu kumsikiliza kwa dhati, na kwa maoni yangu ucheleweshaji huo unaeleza mengi kuhusu udaktari: hadubini na kohozi havina mtu wa kuvitangaza sokoni.

Waliomrudia walikuwa watu wa Hamilton, Kanada, chini ya Freddy Hargreave, ambao katika miaka ya 1990 waliweka utaratibu wa kumfanya hata mtu asiye na kohozi alitoe kwa kuvuta mvuke wa maji ya chumvi. Kisha kikaja kipimo cha kweli. Mjini Leicester, Uingereza, Ruth Green, Ian Pavord na wenzao waliwagawa wagonjwa 74 wa pumu ya wastani na kali katika makundi mawili, wakawafuata kwa miezi 12. Kundi la kwanza lilitibiwa kwa namna ya kawaida, yaani dalili zikizidi dawa inaongezwa, zikipungua inapunguzwa. Kundi la pili lilitibiwa kwa kuhesabu eosinofili: zikizidi asilimia 3 ya chembe za kohozi steroidi iliongezwa, zikishuka ilipunguzwa, hata kama mgonjwa mwenyewe analalamika. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Kundi la dalili lilipata mashambulio makali 109. Kundi la kohozi lilipata 35. Waliolazwa hospitalini walikuwa sita upande mmoja na mmoja upande wa pili. Na kwa jumla kundi lililofanya vizuri halikutumia steroidi nyingi zaidi. Dawa ileile ilikuwa imewafikia wanaoihitaji.

Ushahidi huo ndio uti wa mgongo wa jambo zima, na hata leo sijaona hoja ya kuupindua. Lakini kohozi lina adha. Lazima litazamwe ndani ya saa chache kabla chembe hazijaharibika, liyeyushwe vizuri, na lihesabiwe na mtu aliyefundishwa. Hospitali nyingi hata za Ulaya hazitaki kujihusisha nalo. Kwa hiyo wataalamu wakatafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ilipatikana hewani. Mwaka 1991 Lars Gustafsson na wenzake wa Stockholm walionyesha kuwa pumzi tunayoitoa ina kiasi kidogo sana cha hewa ya nitriki oksidi, na mwaka 1993 Kjell Alving na wenzake wakaonyesha kuwa wenye pumu hutoa nyingi zaidi. Ngozi laini ya ndani ya njia za hewa ikipata mchochota wa kimzio huzalisha hewa hiyo kwa wingi. Mgonjwa hupuliza polepole ndani ya mashine ndogo kwa sekunde kumi, na namba hutokea. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni ni dalili kwamba mchochota unaoitii steroidi pengine haupo; zaidi ya 50 ni dalili kwamba upo. Kwa mtoto mipaka ni 20 na 35. Hakuna sindano, hakuna kukohoa, na jibu hupatikana mgonjwa akiwa bado kitini.

Uzuri wa kipimo hiki, ninavyouona, uko pale ambapo watengenezaji hawakuusisitiza sana mwanzoni. Namba hushuka haraka mtu akivuta steroidi. Mgonjwa anayeapa kwamba anatumia pampu ya kahawia kila siku, huku namba yake ikibaki 80, ama haivuti ama anaivuta vibaya, dawa inaishia mdomoni. Kabla ya kumwongezea dozi, mwambie aivute mbele yako. Tunarudi palepale kwa Tonelli na mtu anayetazama.

Udhaifu nao ni mwingi. Sigara huishusha namba, hivyo kijana anayevuta pakiti nzima kwenye kikao cha miraa anaweza kuonekana mzima huku kifua kikiwaka. Mafua ya mzio huipandisha hata kama mapafu ni salama. Mashine ni ghali, na kibaya zaidi kihisio chake kina tarehe ya kuisha na idadi maalumu ya vipimo, kisha lazima kinunuliwe kingine. Kifaa kinachofika Wajir kwa hisani ya mradi, mradi ukaisha, huwa pambo la rafu. Yeyote aliyewahi kuingia stoo ya hospitali ya nchi hii anajua ninachosema.

Na je, kuongoza tiba kwa namba hiyo kumeleta nafuu? Hapa majibu yanagongana. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa unaweza kupunguza dozi ya steroidi bila mashambulio kuongezeka. Mwaka 2008 utafiti mkubwa zaidi wa vijana 546 wa mitaa maskini ya miji ya Marekani ulionyesha karibu kinyume: dawa ziliongezeka, na siku za dalili hazikupungua. Wachambuzi waliokusanya majaribio ya namna hiyo walifikia kwamba watu wanaopata mashambulio hupungua, lakini maisha ya kila siku, usingizi na kuhema, hayabadiliki sana. Ningekuwa mweka hazina wa kaunti, nisingetoa fedha kwa ushahidi huo kabla ya kuhakikisha pampu za kahawia hazikosekani dukani.

Jambo moja ambalo vipimo hivi vimefanya bila ubishi ni kuokoa dawa. Mepolizumabu, sindano inayozuia mwili kutengeneza eosinofili, ilijaribiwa kwa wagonjwa 362 na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yakakatisha tamaa. Ingeweza kutupwa. Mwaka 2009 makundi mawili madogo ya watafiti, moja la Leicester na moja la Hamilton, yaliijaribu tena kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu eosinofili zao zilikuwa juu. Mashambulio yalipungua waziwazi. Mwaka 2015 iliidhinishwa Marekani. Sindano zenyewe hazimhusu leo mama wa Eldas, bei yake ikiwa ilivyo, lakini kisa hicho ni kilekile cha mwaka 1958 kikirudiwa na watu waliopaswa kuwa wamejifunza.

Turudi Wajir. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 781,263 katika kaunti hii, na ukame wa misimu mitano mfululizo wa mvua zilizokosekana kati ya 2020 na 2023 uliwasukuma wengi waliopoteza mifugo kwenye bula, yaani makazi, za pembezoni mwa miji. Nchini Uganda, watafiti walioongozwa na Harriet Mpairwe walilinganisha watoto wa shule wenye pumu na wasio nayo katika wilaya ya Wakiso, wakachapisha mwaka 2019 kwamba waliozaliwa mjini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Hapa Kenya, utafiti wa mwaka 1998 uliowakimbiza watoto wa shule na kuwapima pumzi kabla na baada uliona njia za hewa zikibana kwa karibu watoto 23 katika kila 100 wa Nairobi, na 13 wa Murang’a. Sioni kwa nini bula za Wajir na Garissa zitasalimika. Mtoto wa baada ya ukame huo anazaliwa kwenye kibanda cha mabati karibu na barabara, mbali na ngamia, karibu na moshi.

Moshi wenyewe si wa kuni tu. Nyumba nyingi za Wasomali hufukizwa ubani na uunsi jioni, na sidhani kuna daktari atakayefanikiwa kuikataza desturi hiyo, wala haifai kuikataza kwa kila mtu. Utafiti wa watoto wa shule nchini Oman uliochapishwa mwaka 2009 ulipata kuwa zaidi ya theluthi moja ya wenye pumu walisema udi unawaamshia mluzi, vumbi na mabadiliko ya hewa vikitangulia. Kisha kuna mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umeziba malisho ya Garissa kando ya Tana. Wafugaji wa Baringo waliupeleka mahakamani mwaka 2006 wakiwa na mbuzi aliyeng’oka meno kwa kula maganda yake. Katika nchi za Ghuba chavua ya mti huohuo ni chanzo kinachojulikana cha mizio. Mtu mwenye pumu na mathenge dirishani ana sababu nzuri ya kutaka kujua eosinofili zake ni ngapi.

Na anaweza kujua. Uingereza, nchi yenye mashine zote nilizozitaja, ilitoa mwongozo mpya Novemba 2024 unaosema kwamba mtu mzima mwenye dalili za pumu aanze kwa kupimwa nitriki oksidi au eosinofili za damu. Moja ikiwa juu, pumu imethibitishwa. Eosinofili za damu hupatikana katika kipimo cha kawaida kabisa cha damu, kile ambacho wagonjwa wengi wa hospitali zetu huandikiwa kwa homa, kwa uchovu, kwa ujauzito. Namba mara nyingi huwa tayari imeandikwa kwenye karatasi, na hakuna anayeisoma. Zikiwa 300 au zaidi katika kila maikrolita, kwa mtu mwenye mluzi, uzito unaegemea pumu inayoitii steroidi. Chini ya 150, shaka inaingia na moshi, moyo au kifua kikuu vinapaswa kufikiriwa. Pale ambapo mashine ya maabara ni ya zamani na huzigawa chembe nyeupe katika mafungu matatu tu, eosinofili hujificha ndani ya fungu la katikati; hapo mhudumu apake damu kwenye kioo, aitie Giemsa, rangi ileile ya malaria, na azihesabu kwa jicho. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayetafuta malaria kila siku.

Damu hata hivyo ina mitego yake, na mitego ya kaskazini mashariki si ya Leicester. Minyoo hupandisha eosinofili, na ndiyo maana wengi hudhani kipimo hiki hakifai Afrika. Wasiwasi huo una uzito zaidi kando ya Ziwa Viktoria na Pwani kuliko Wajir, ambako ardhi kavu na yenye joto haivilei vizuri viluwiluwi vya safura. Upande wa pili kuna kala-azar, iliyolipuka Wajir mwaka 2008: ugonjwa huo huziteketeza eosinofili karibu zote, hivyo mwenye homa ndefu na wengu lililovimba asisomewe namba hii kama ya mwenye pumu tu. Mtego mkubwa kuliko yote ni sindano. Steroidi ikishaingia mwilini, eosinofili za damu hushuka ndani ya saa chache. Mgonjwa aliyechomwa duka la dawa jana usiku na kupimwa leo asubuhi ataonyesha sifuri, na daktari ataandika kwamba pumu yake si ya aina hiyo. Damu itolewe kabla ya sindano. Shambulio likiwa kali tiba isisubiri maabara hata dakika moja, lakini kuvuta damu kwenye kichupa huku pampu ikifanya kazi hakumcheleweshi mtu.

Na kohozi? Maabara zinazojua kifua kikuu zina hadubini, vioo na watu wenye subira ya kuhesabu. Kupaka kohozi la mwenye pumu na kutafuta chembe zenye punje nyekundu hakutafikia usahihi wa Leicester, lakini kutaweza kumtenga yule wa miaka 19 na yule wa miaka 50. Sharti moja: anayekohoa akohoe nje, penye upepo na jua, kwa sababu katika nchi hii kila kohozi ni la kifua kikuu mpaka lithibitishwe vinginevyo. Hilo nalo lina umuhimu wake. Kumpa mwenye kifua kikuu prednisoloni kwa miezi kwa kuwa kifua chake kinalia ni kuuchochea ugonjwa uliokuwa umelala.

Kwa mwenye pumu nyepesi anayelala vizuri na kuchunga bila shida, vipimo hivi vyote ni anasa. Apewe steroidi ya kuvuta, afundishwe kuivuta, aachwe aishi. Kipimo kina kazi pale njia zinapogawanyika: dalili hazieleweki, dawa imeongezwa mara mbili bila nafuu, au mtu amekuwa mzima kwa muda mrefu na anauliza kama dozi inaweza kupunguzwa. Pasipo swali la namna hiyo, namba ni mapambo ya faili.

Kwa msomaji wa Wajir mwenye pumu, au mwenye mtoto anayeugua: usikubali kutoka hospitalini na pampu ya bluu peke yake. Ukitolewa damu, uliza eosinofili ni ngapi na uiandike namba hiyo kwenye simu yako pamoja na tarehe, na useme wazi kama ulichomwa sindano ya steroidi au kumeza prednisoloni siku zilizotangulia. Na wewe uliyemo katika bunge la kaunti, utakapoletewa bajeti yenye mashine ya kupima pumzi, uliza kwanza kama beklometasoni ipo Griftu, Buna na Habaswein. Kama haipo, nunua hiyo.